Nilipandikiza nywele zikaharibika mbele: njia nilizopewa za kurekebisha, na kosa nililomficha daktari

Salaam wakuu wote, wenye nywele na wasio nazo.

Uzi huu nimeuanza mara mbili nikaufuta kwa aibu. Leo naumaliza. Bei na jina la kliniki sitataja, msinisumbue inbox, lakini mengine yote nitayaweka kama yalivyotokea, hata yale yanayonishusha.

Mimi ni mtu wa Bongwe, miaka arubaini na moja, niko mapokezi katika hoteli moja huku Diani. Upara ulinianza nikiwa na thelathini na wala haukunisumbua. Mpaka siku niliyompeleka mke wangu, Mama Zuhura, zahanati, muuguzi akamwambia, "Baba yako akae pale kwenye benchi, tutakuita."

Mke wangu alicheka njia nzima. Nami nilicheka, lakini liliniuma. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kutazama vichwa vya wenzangu na video za before and after.

Mwishowe nikaenda Nairobi. Nyumbani niliaga kwamba ni semina ya kazi.

Kwa wasiojua: wanachukua vishina vya nywele nyuma ya kichwa, kimoja kimoja, wanavipanda mbele. Nywele zetu za kipilipili mzizi wake umejipinda chini ya ngozi, kwa hiyo kazi inataka mkono wa pole pole. Niliowapata mimi walikuwa na haraka zao.

Ila kosa la kwanza lilikuwa langu. Aliyenichora mstari wa mbele aliuweka juu, na vikona pembeni. Nikang'ang'ania ushuke na unyooke, kama nilivyokuwa kwenye kitambulisho changu cha kwanza. Hakubisha. Wakuu, mtaalamu asiyekukatalia kitu muogopeni.

Nilipewa masharti: wiki mbili paji la uso lisiguse kitu, nisiiname mpaka chini, nisivae kofia ya kubana.

Sasa niambieni, ni semina gani inamrudisha mtu nyumbani uso umevimba? Mama Zuhura alinivua kofia mlangoni akajua kila kitu. Nywele hazikumkasirisha. Kilichomkasirisha ni semina.

"Ungeniambia, Baba Zuhura, ningekusindikiza," alisema.

Akanipa mawili. Nisimdanganye tena, na niswali nimekaa mpaka vidonda vipone. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi, akaashiria kwa kichwa. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Nikakubali yote mawili.

Siku ya sita mjomba wangu akafariki huko Ramisi. Zuhura alikuwa na homa, mamake akabaki naye, nikaenda peke yangu.

Ramisi wananiita Maalim, kwa sababu ujanani nilisomesha madrasa yao miaka miwili. Adhuhuri ilipoingia watu walikuwa wengi, mikeka ikatandikwa chini ya turubai, na kaka mkubwa wa marehemu akanishika mkono.

"Maalim, tuswalishe."

Ningesema naumwa, wangeuliza naumwa nini. Niseme nini pale, maiti iko ndani, kina mama wanalia, mimi nimepandikiza nywele? Nikasogea mbele na kofia yangu ngumu ya kushona kwa mkono, nikaswalisha. Rakaa nne, sujudu nane. Baada ya mazishi ikaja alasiri, nane nyingine. Na ule ulikuwa mkeka wa ukindu, ambao hukwaruza hata nyayo.

Nilipoinuka mara ya mwisho niliona damu kidogo kwenye mkeka. Nikaukunja mwenyewe haraka.

Lililonimaliza lilikuja baadaye. Watu waliona wekundu pale kwenye paji wakadhani ni alama ya sijida, ile ya mtu anayeswali sana. Mama mmoja akamwambia mwanawe mbele yangu, "Tazama paji la Maalim. Nawe ukaamshwa alfajiri unajifunika shuka." Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Nyumbani nikaulizwa niliswali vipi. Nikajibu nilikaa kwenye kiti, huko nyuma.

Haya, mwaka ukapita. Huwezi kuhukumu kabla ya mwaka, kwa sababu zilizopandwa hudondoka kwanza halafu huota upya taratibu. Zangu ziliota pembeni, chini sana na zimenyooka kama zimepigwa rula. Katikati, pale panapogusa mkeka, hapakuota kitu. Kazini vijana wa jikoni walinipa jina, Pembe Mbili. Kofia hairuhusiwi mapokezi, kwa hiyo kila mgeni alinisalimia macho yakiwa juu ya nyusi zangu.

Niliwaandikia wale wa Nairobi. Wakajibu siku hiyo hiyo: njoo tukuongeze vishina. Hawakuomba hata picha.

Hapo Mama Zuhura akasema tutafute mtu mwingine, na safari hii twende wote wawili. Tukampata daktari wa ngozi Mombasa, mwanamke mpole, maneno machache. Alinitazama nyuma ya kichwa kwa kioo kidogo kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mbele. Akasema nywele za nyuma ni akiba, haziongezeki, na wale walikuwa wameshachota nyingi. Kurudi kuongezwa ovyo kungeniacha na upara pande mbili.

Njia alizonipa ni hizi. Kuving'oa vile vishina vya pembeni vilivyowekwa chini mno na kuvipanda upya katikati, mstari upande juu. Au kuviua kwa leza niachane navyo, ila leza haichagui, kilichokufa hakirudi. Au kuchorwa vidoti vya wino vinavyofanana na nywele fupi, lakini huo ni mchoro wa mwilini, nami nilimwambia huko dini yangu hainipeleki. Au kunyoa kipara na kuyasahau yote. Hii ya mwisho alisema bila kutabasamu, kwamba ni tiba kamili na haina damu.

Nikachagua ya kwanza. Akasema sawa, ila nijibu swali moja.

"Katikati hapa palipata nini? Ulibonyezwa, uligongwa, uliinama zile wiki mbili?"

Mke wangu alikuwa kiti cha pili. Nikasema hapana.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba kama hakuna sababu ya nje, basi huenda kuna maradhi ya ngozi yanayokula mizizi. Hawezi kupanda kitu mpaka akate kipande cha ngozi kipelekwe maabara. Mama Zuhura akauliza maradhi hayo yanafika wapi. Nilimwona vidole vinacheza na ukingo wa buibui, na mimi namjua, huwa hivyo akiwa na hofu.

Nikasema, "Daktari, niliswalisha watu. Siku ya sita. Mara mbili."

Daktari akashusha pumzi, akasema basi hiyo inatosha kueleza, na kipande cha ngozi hakikuhitajika. Tukaondoka, tukavuka feri.

"Nimekaa pale nikidhani unaumwa," mke wangu alisema tulipofika upande wa Likoni. "Ungeniacha nirudi nayo nyumbani hofu hiyo?"

Swali hilo linaniuma hadi leo kuliko nywele.

Kazi ilifanyika. Ni miezi kumi sasa. Mstari uko juu, una vikona vya mtu wa umri wangu, katikati pameota ingawa ni pepesi. Sikurudi kuwa kijana, nimerudi kuwa mtu wa kawaida. Mwenye kufikiria kurekebisha, ngoja mwaka kwanza, pata maoni ya mtu mwingine kabla ya kumrudia aliyekuharibu, uliza akiba yako ya nyuma imebaki kiasi gani. Na mwambie daktari ukweli wote, hasa ule unaokufedhehesha.

Limebaki moja. Ijumaa ya kwanza baada ya kazi ile nilikwenda msikitini kwetu Bongwe, nikachukua kiti cha plastiki nikaketi mwisho wa safu. Baada ya swala jirani akaniuliza kwa sauti, mgongo umekuwaje? Watu wakageuka. Nikasema mgongo mzima, nimepandikiza nywele na nimekatazwa kusujudu wiki mbili.

Walicheka, sikatai. Mmoja alicheka mpaka akakaa.

Nikaenda nyumbani, nikamsimulia Mama Zuhura neno kwa neno. Akaniacha nimalize, akanipakulia wali.

"Nimeshaletewa habari na majirani wawili kabla hujafika," alisema. "Leo maneno yako ya nje na ya ndani yamekuwa mamoja."

Akakaa tukala sahani moja. Tangu tuvuke feri hatukuwa tumekula hivyo.

Uwanja ni wenu wakuu. Mwenye swali la nywele aulize, mwenye kucheka acheke kwanza ndipo aulize.