Tambara la Mama Mkubwa

Kama umewahi kulea kitu mpaka kikapendeza, kisha watu wakaja wakamsifu aliyesimama karibu nacho, hutapata shida kumwelewa Gerishon Wafula.

Alikuwa mtu wa Bungoma, miaka hamsini na minane, fundi wa magari tangu ujana wake. Doha aliingia kama mlinzi wa jengo moja refu kule West Bay, akasimama mlangoni miaka mitatu akiwafungulia wakazi milango ya magari. Siku moja gari la mkazi mmoja aitwaye Abu Hamad likagoma mbele ya ngazi. Gerishon akavua kofia ya ulinzi, akainamia injini, na kabla msimamizi hajamaliza kumgombeza gari likanguruma. Mwezi haukuisha, akawa Umm Salal, shambani kwa Abu Hamad, akitunza magari ya nyumba.

Huko ndiko alikomkuta. Alikuwa nyuma ya banda la mbuzi, amefunikwa turubai, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Sedani ya Kimarekani ya mwaka wa sitini na tatu, ndefu kama siku ya kufunga. Ilikuwa ya marehemu baba yake Abu Hamad. Gerishon akaomba ruhusa aiguse, akaruhusiwa, na mkono wake haukutoka tena pale kwa miaka minne. Kutu aliitoa kwa msasa, kwa mkono, kipande kwa kipande. Vile viti alivishona upya mwenyewe. Rangi ikawa kijani cha jani changa la mgomba, paa jeupe, na nikeli ya mbele inang'aa hata ukataka kujinyolea ndevu humo. Akamwita Mama Mkubwa.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," alizoea kumwambia Phyllis, mpishi wa nyumba. "Wamarekani walizaa tu. Mlezi ni mimi."

"Baba Nasimiyu," Phyllis naye humjibu, "ungempigia mkeo simu mara nyingi kama unavyompangusa huyo, mama wa watu angenenepa."

Lakini jambo moja lilimkaa kooni. Gerishon hakuwa na leseni ya nchi ile. Mtihani alifanya mara mbili, na mara zote mbili kuegesha kinyumenyume kulimshinda. Kwa hiyo Mama Mkubwa alimwendesha kutoka kwenye banda hadi getini, katikati ya mitende, na kurudi. Barabarani hakuwahi kumtoa hata mara moja.

Ndipo akaja Mutai, dereva mpya. Kijana mrefu wa Kericho, aliyewahi kuendesha wageni wa hoteli, Kiingereza kinateleza, na kila akishika usukani huvaa glavu nyeupe. Zile glavu! Gerishon alizichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Siku ya kwanza tu Abu Hamad alimkabidhi Mutai ufunguo amtembeze Mama Mkubwa mpaka ufukweni. Gerishon alibaki getini ameshika ndoo, kama mtu aliyemwona mkewe akipanda gari la mwingine.

"Mzee, huyu mama anatembea!" Mutai alisema waliporudi. "Ni kama kukalia wingu."

"Gia ya pili unaichelewesha," Gerishon akamjibu, akaenda zake.

Mwezi wa sita Abu Hamad akasema gari linauzwa. Watoto wake hawalitaki, na yeye mgongo unamsumbua. Ikapigwa picha ya tangazo. Mutai kasimama mlangoni na glavu zake, anatabasamu kama ndiye mwenye mali. Gerishon naye alikuwepo, maana ndiye aliyekuwa akipangusa taa. Picha ilipokatwa, kilichobaki kwake ni kiwiko.

Phyllis aliiona kwenye simu akacheka mpaka akakaa chini. "Kiwiko chako kimetoka vizuri, Baba Nasimiyu. Kimenona!"

Gerishon hakucheka. Na lililomkata maini zaidi ni habari za mnunuzi. Alikuwa mtu wa kukodisha magari ya harusi, naye alisema akipendezwa atamchukua Mama Mkubwa pamoja na mtu wa kumwendesha na kumtunza. Atakayeendesha siku ya majaribio ni Mutai. Basi atakayekwenda naye ni nani, kama si Mutai?

Sasa sikiliza. Mama Mkubwa alikuwa na ugonjwa mmoja wa joto. Ukimzima dakika kumi juani, petroli huchemka ndani ya pampu, ikawa mvuke, na injini haipati cha kunywa. Utazungusha ufunguo mpaka betri ife. Dawa yake Gerishon aliigundua mwenyewe: tambara lililoloweshwa maji, unaliweka juu ya pampu, unahesabu mpaka mia mbili, unawasha. Tambara lilikuwa kipande cha shati lake la ulinzi, na lilikaa kwenye buti pamoja na galoni ya maji. Mutai hakuambiwa. Kila gari likigoma shambani, Gerishon alimwambia, "Kando kidogo, kijana," akatoa tambara kwenye buti, akafanya mambo yake amempa mgongo.

Asubuhi ya majaribio, kabla watu hawajaamka vizuri, alifungua buti. Akatoa galoni. Akatoa tambara, akalificha chini ya kitanda chake.

Saa nne jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mnunuzi akaja, kanzu nyeupe, mtu wa maneno mengi. Akamzunguka Mama Mkubwa mara tatu akisema mashallah, akampa Mutai mkono, akapanda. Gerishon aliwafungulia geti. Mnunuzi hakumtazama.

Ilipopita nusu saa simu ikalia.

"Mzee," ilikuwa sauti ya Mutai, chini chini. "Mama amekataa. Tulisimama kunywa chai ya karaki, nikazima kidogo tu. Sasa nazungusha, wapi. Na kwenye buti hamna kitu."

Gerishon aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Furaha ilimpanda, tamu, furaha ya mtoto aliyeona ndugu yake akichapwa. Hebu glavu zimwashie gari basi!

"Sijui, kijana," akasema. "Mimi niko mbali."

"Mzee, tafadhali. Huyu jamaa ameshaanza kupigia simu gari la kukokota. Unamsikia?"

Akamsikia. Nyuma ya Mutai mnunuzi alikuwa akimwambia mtu kwa Kiarabu cha haraka, lakini miaka saba ilikuwa imemfundisha Gerishon kiasi cha kutosha. Yule bwana alisema bodi anaitaka. Injini, khalas, ni chuma chakavu. Ataing'oa, atupe, aweke mpya ya Kijapani.

Gerishon alisimama, ndoo ikabingirika.

Injini ile aliifungua nati kwa nati. Aliijua sauti yake kuliko kikohozi chake mwenyewe. Kumbe kuna mtu mbaya kuliko Mutai!

"Fungua boneti," akasema kwa ukali. "Upande wa kulia, chini, kuna kitu kama kikombe cha chuma. Umekiona? Ndiyo pampu. Lowesha kitambaa, uifunike."

"Kitambaa sina, mzee."

"Glavu unazo!"

"Hizi?"

"Hizo hizo. Mwagia maji ya kunywa, zote mbili. Hesabu mpaka mia mbili. Usidanganye kuhesabu."

Alihesabu naye, mdomo ukicheza. Kufika mia mbili akasikia ufunguo, kikohozi kimoja, kisha Mama Mkubwa akaguna na kunguruma kule barabarani, na mnunuzi akapiga kelele za furaha, "Wallah, we ni mchawi!"

Mchawi ni Mutai. Gerishon akakata simu.

Gari likanunuliwa siku ile ile, na injini yake. Jioni Mutai alirudi kuchukua begi lake. Mikono ilikuwa mitupu. Glavu zilikuwa nyeusi za mafuta, hazitafulika tena. Akaja mpaka chumbani kwa Gerishon, akasimama mlangoni.

"Mzee, nilimwambia mnunuzi dawa ni yako. Akasema mzee asiye na leseni atamfanyia nini." Kisha akauliza, "Lile tambara. Mbona halikuwa kwenye buti?"

Gerishon aliinama, akalitoa chini ya kitanda.

"Nililitoa kulifua," akasema.

Mutai alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa gumu kwa mafuta ya miaka minne, na vumbi la chini ya kitanda limeshika juu yake. Akaligeuza huku na huku.

"Limetakata, mzee," akasema. "Asante."

Akatoka. Gerishon hakumsindikiza. Alikaa kitandani akimsikiliza Mama Mkubwa akiamka, akipita kwenye mitende, geti likifunguliwa, mara ya kwanza si kwa mkono wake. Kule nje gari likashika barabara, gia ya kwanza, kisha ya pili.

Haikuchelewa hata kidogo. Na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.