Faili Isiyo na Mkia

Mume wangu alifariki Jumanne. Kufikia Ijumaa, ukoo wake ulikuwa umeiita kompyuta itoe ushahidi.

Si utani. Ilikuwa mwaka wa 2004.

Asubuhi hiyo Jotham alikunywa chai amesimama, akaenda kazini, akaanguka kabla ya saa nne. Saa nane watu walikuwa wameshaanza kunionyesha mahali pa kukaa, kama mgeni ndani ya nyumba yangu.

Jotham alikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya kanisa, Kitale. Tulijenga Tuwan, mtaa wa pale pale Kitale. Kwao ni Bumula, kijijini upande wa Bungoma.

Sasa azikwe wapi?

Mimi nilisema Tuwan. Nyumba aliijenga mwenyewe, hata miparachichi aliipanda yeye. Lakini Makokha, kaka yake mkubwa na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alisema Mbukusu hazikwi kwa ploti kama paka.

"Aliandika," nikamwambia. "Iko kwa mashine ya ofisi."

"Aliandika nini?"

"Sijui. Alisema siku nikibanwa, nisome."

Jepchumba, aliyefanya kazi na Jotham ofisini, akaja matangani Bumula na disketi. Ndani kulikuwa na faili moja, jina lake Nasimiyu. Jina langu.

"Sijaisoma," akaninong'oneza. "Ni yako. Nikirudi nikuprintie?"

Makokha akasikia, akakataa. Karatasi, alisema, yeyote anaweza kuandika, hata mjane na rafiki yake.

"Tunataka kuiona ndani ya mashine. Mashine haina shemeji."

Basi Ijumaa wazee saba wakaingia kwenye saiba moja, duka la kukodisha kompyuta pale Bungoma mjini, suti zimepigwa pasi, kama watu wanaoenda kuposa.

Mwenye saiba alikuwa Kizito, binamu ya marehemu. Cheti chake cha kompyuta kilikuwa ukutani, kwenye fremu kubwa kuliko dirisha. Alisoma wiki sita. Watu walimwita Engineer, na yeye aliitika.

Akaingiza disketi. Akafungua Word. Akabonyeza Open.

Kidirisha kikatokea. Cheupe. Tupu.

"Hakuna kitu, shem."

"Angalia tena."

"Si unaona mwenyewe? Ingekuwa na kitu, ingeonyesha."

Makokha akavua kofia.

"Kompyuta imesema."

Wazee wakaitikia kama wako kanisani. Mmoja aliiambia skrini asante. Makokha akapiga simu Bumula: chimbeni.

Nilitoka nje, nikampigia Jepchumba, ambaye alikuwa amerudi Kitale.

"Ati haina kitu? Nani amesema?"

"Engineer."

Akacheka kidogo, kisha akaniomba msamaha kwa kucheka.

"Nasimiyu, sikiza. Yetu ni Macintosh ya zamani. Ikihifadhi faili, inaiwekea alama ya siri: hii ni barua, hii ni picha. Jina halihitaji mkia. Sasa hiyo ya Bungoma haisomi alama. Inaangalia mkia wa jina tu. Isipoona nukta na doc hapo mwisho, inaificha."

"Kwa hivyo iko?"

"Iko. Chini ya hicho kidirisha kumeandikwa Word Documents. Mwambie achague All Files."

Nikarudi ndani, nikasema vile nilivyoambiwa. Kizito hakupendezwa.

"All Files ni ya mafundi, shem."

"Kwani wewe si Engineer?" mzee mmoja akamuuliza.

Akabonyeza.

Jina langu likatokea, peke yake katikati ya weupe ule.

Makokha akasogeza pua karibu na skrini. "Hiyo mwanzo haikuwa hapo."

"Haina doc, mzee," Kizito akasema. "Si faili halali. Ni kama mtu hana jina la baba."

"Basi haiwezi kuongea. Kitu bila ukoo kinaingiaje mambo ya ukoo?"

"Ifungue," nikasema.

Tangu Jumanne sikuwa nimepandisha sauti. Kizito akaifungua. Ikafunguka vizuri, bila mkia wake. Aliisoma yeye, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayaoni.

"Nizikwe Bumula, karibu na mama."

Kijana mmoja aliyekuwa akiandika barua ya kazi aliniachia kiti, nikakaa.

Makokha ndiye aliyepona haraka.

"Si nilisema? Mimi hii faili niliiamini tangu mwanzo. Engineer, toa nakala thelathini. Kila mzee apate yake."

"Kuna maneno mengine, mzee."

"Soma, soma."

"Nasimiyu atataka Tuwan kwa sababu ananipenda. Msimkubalie. Ploti yenye kaburi haiuziki, na sitaki abaki kulinda mifupa yangu nyuma ya jikoni. Ploti ni yake. Siku akichoka, auze, aende anakotaka, na ndugu zangu wasimuulize."

Makokha akavaa kofia yake.

"Nakala moja inatosha," akasema.

Najua mtakaosoma hapa mtamcheka Kizito. Mimi simcheki sana. Yeye aliangalia mwisho wa jina akasema ndani hamna kitu. Mimi niliangalia nyumba na miparachichi nikasema namjua mwenye nyumba, tena nilikuwa nimelala naye miaka kumi na sita. Siku nne nilipigania kitu ambacho hakukitaka, na nilikuwa na uhakika kuliko Engineer.

Funzo ni hilo tu. Kabla ya kusema unajua kilichomo, fungua.

Tulimzika Jumamosi, Bumula, karibu na mama yake. Ploti ya Tuwan niliiuza mwaka wa 2007, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa naishi Matulo, nilikotaka mwenyewe.