Nilishona Zile Nguo Ili Bili ya Umeme Ipungue

Kosa ni langu. Hakuna aliyenishikia kisu, hakuna aliyenilazimisha. Nimelinyamazia tangu Kigali ile ya kabla ya mauaji ya mwaka tisini na nne, na leo nalitoa kwenu, ndugu wasomaji, kwa sababu nimechoka kulala nalo. Mtanihukumu mtakavyo.

Mimi ni fundi cherehani. Polio ilinichukua miguu yote miwili nikiwa mtoto, natembea kwa magongo. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anakanyagaje cherehani? Hakanyagi. Anatumia mota. Pale Nyamirambo tulikuwa mafundi wachache, walemavu watupu, chumba kimoja, kila mtu na cherehani yake yenye mota tuliyopewa na wafadhili. Umeme ukiwepo tulikuwa mafundi. Ukikatwa tulikuwa vilema waliokaa kwenye viti.

Rafiki yangu wa pale nitamwita Verediyana, ingawa si jina lake. Alikuwa akikaa Niboye, mtaa mwingine wa Kigali. Alikuja na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, dada yake akimsukuma kwenye vilima. Dada mtu aliuza mboga sokoni kwetu, basi walitoka pamoja na kurudi pamoja. Mimi nina hasira za karibu, yeye alikuwa mtu wa mzaha. Wateja wakimuuliza nguo yangu lini, anajibu, "Subiri kwanza nikimbie kidogo."

Vita vilipoanza kule kaskazini, kila kitu kilipanda. Uzi ulipanda, makaa yalipanda, na bili ya umeme ndiyo usiseme. Tulikuwa tunatozwa bei ya biashara, sawasawa na baa ya jirani yenye mafriji na muziki. Wakatukatia.

Wazo la kwenda kudai lilikuwa la Verediyana. Alisema tusiende na barua, barua zinakaa chini ya chupa za chai. Twende na cherehani. Tukazibeba kwenye gari la mikono hadi mbele ya ofisi ya umeme, tukazipanga pale nje, tukakaa nyuma yake, mikono mapajani. Hatukupiga kelele. Wapita njia wakauliza, mbona hamshoni? Tukawajibu, tunasubiri miguu yetu, imefungiwa humo ndani.

Bwana mmoja akatoka na tai yake. Verediyana akamwambia, "Bwana mkubwa, wewe ukitembea kuja kazini, unalipia hatua?" Yule bwana akacheka, kisha akaona hatucheki. Tukamweleza. Hatukuomba bure. Tuliomba bei nafuu kwa kila mlemavu wa mji huu anayefanya kazi kwa umeme. Si kwa chumba chetu tu. Verediyana alilirudia hilo mpaka nikamwona anakera.

Tulirudi tena na tena. Watu walianza kutujua, hata kipofu mmoja anayefanya kazi kwa umeme akaja kukaa nasi. Ningelikuwa na subira, pengine tungefika.

Konseye wetu, yule mkuu wa sekta, ndiye aliyenifuata. Alikuja nikiwa peke yangu, wenzangu wamekwenda kula.

"Mama, hii habari ya umeme iko mikononi mwangu," akasema. "Nimeongea na wakubwa. Fakitire yenu, hiyo bili, itashuka. Lakini na nyinyi mnisaidie. Kuna vijana wa chama tawala, wanataka nguo za mikutano."

Nikamuuliza, "Na walemavu wengine, Konseye?"

"Wengine tutaona baadaye. Wewe anza na watu wako."

Nikakubali. Hapo hapo, bila kumuuliza mtu. Niliona mota zinazunguka, niliona watoto wangu wanakula, nikasema yego, ndiyo. Roho ikaniambia waulize wenzako kwanza, nikaipuuza.

Umeme ukarudi, na vitambaa vikaja, majora kwa majora, rangi za kung'aa. Hakuna kijana hata mmoja aliyekuja kupimwa. Na kulikuwa na agizo la ajabu: kila nguo iwekwe kitanzi kirefu kiunoni, ndani, chini ya shati, kitambaa kikunjwe mara mbili na kushonwa mara mbili. Nikauliza cha nini. Konseye akasema ni cha kuning'iniza filimbi.

Fundi anajua uzito wa kitu kwa mshono wake. Verediyana alichukua kile cha kwanza nilichokimaliza, akatia kidole gumba, akavuta kwa nguvu zake zote. Hakikuachia. Akanitazama.

"Hii filimbi ina kilo ngapi?"

Nikamwambia tushone tu, bili imeshuka. Kweli ilikuwa imeshuka, karatasi ilikuwa ukutani.

"Imeshuka kwa nani?" akauliza. "Yule kipofu tuliyekaa naye pale ofisini, kwake imeshuka? Na mimi dada, unajua kitambulisho changu kimeandikwa Mtutsi. Nimshonee mtu nguo ya kunijia nayo?"

Akasukuma kitambaa pembeni. Wenzetu wakainamisha vichwa, wakaendelea kushona. Hawakutaka makuu.

Konseye alipopata habari alisema umeme ule ni wa wanaoshona kazi ile, asiyeshona asiutumie. Akaniachia mimi niamue. Nami, jamani, nilijikokota hadi kwenye meza ya rafiki yangu nikachomoa waya wa mota yake kwa mkono wangu huu. Alikuwa katikati ya gauni la bi harusi. Hakunitukana. Alikata uzi, akakunja lile gauni vizuri, akampigia dada yake kelele dirishani waondoke. Cherehani akaiacha.

Tukashona. Msimu ukaisha, mwingine ukaingia. Mitaani kukawa na mikutano, mawe, matairi yanayochomwa barabarani, na redio ikawa inaongea maneno ambayo zamani mtu angeona haya kuyasema mbele ya mama yake. Mimi nilifungua redio kwa sauti ya chini na mota kwa kasi.

Siku ya kuchukua mzigo wa mwisho, vijana walikuja wenyewe. Walijaribu nguo mbele ya kioo chetu cha wateja. Mmoja, mpole wa sura, alitoa panga kwenye gunia, akalipitisha kwenye kitanzi changu, akashusha shati juu yake. Halikuonekana. Akageuka huku na huku, akarukaruka kidogo.

"Mama, umeshona vizuri," akaniambia. "Halianguki."

Nilisema asante. Hilo ndilo neno lililonitoka, asante.

Na mngedhani hapo ndipo ningezinduka. Bado. Konseye alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaigusa cherehani ya Verediyana, akapuliza vumbi.

"Huyu mwenzenu anakaa wapi siku hizi? Si vizuri mlemavu akose kazi. Nimpelekee cherehani yake."

Nilitaka kuamini. Nilikuwa nimebeba hatia juu ya Verediyana kiasi kwamba nilitaka mtu, yeyote, anipunguzie. Nikamwambia Niboye. Akauliza Niboye ipi, Niboye ni kubwa. Nikamweleza njia yote, na mwisho nikamwambia huwezi kupotea, ndiyo nyumba pekee yenye ubao mlangoni, ubao mpana wa kupandishia baiskeli.

Akaandika? Hakuandika. Aliitikia kwa kichwa tu, akaondoka. Na cherehani akaiacha pale pale.

Niliitazama cherehani ile hadi jioni. Ndipo nikaelewa alichokuja kukichukua.

Asubuhi yake nikakodi gari hadi Niboye. Verediyana alikuwa ndani, anashona vifungo kwa mkono. Nikamwambia yote, kitanzi, panga, na nilivyomwelekeza Konseye. Dada yake akaanza kulia. Yeye akaweka sindano chini, akamwambia dada yake, "Ondoa ubao. Uingize ndani."

"Na wewe utatokaje?" nikauliza.

"Sitoki."

Nilimsihi tuondoke naye, nitamficha kwangu Nyamirambo. Akanitazama bila chuki, na hilo ndilo linaloniua.

"Kwako anaingia Konseye bila kubisha hodi, dada. Nenda nyumbani."

Nilitoka. Dada yake alikuwa anauvuta ule ubao, ukikwaruza sakafu. Mlango ukabaki na vipandio vyake vya saruji, kama milango ya jirani zake.

Aprili ikafika. Yaliyotokea Kigali mnayajua, sitayasimulia. Mimi walinipita. Walifika hadi mlangoni, wakanitambua, mmoja akasema huyu ni fundi wetu. Nguo walizovaa nilizijua mshono kwa mshono.

Nilipoweza kufika Niboye, mlango ulikuwa wazi. Baiskeli ilikuwa ndani, imetazama nje. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani mle ndani, kama alivyoagiza. Yeye sikumkuta, wala dada yake. Sijawapata hadi leo. Labda Konseye alikwenda yeye mwenyewe, labda alituma, labda walikuwa wengine kabisa wasionijua. Nimejipa labda hizo miaka yote, na hakuna hata moja inayonisaidia kulala.

Wewe unayesoma, hasa wewe mlemavu mwenzangu unayepigania bili, au dawa, au nauli: endelea kupigania, ni haki yako, na Verediyana angekuambia hivyo hivyo. Lakini siku mkubwa atakapokuletea unafuu wako peke yako, mlangoni, wenzako wakiwa wamekwenda kula, muulize anachotaka. Akikujibu, muulize tena. Na anayekuuliza nyumba ya mtu ilipo, mwambie huijui.

Cherehani yake ninayo. Naipaka mafuta, naifuta vumbi. Waya wa mota sijauchomeka tena, maana mimi ndiye niliyeuchomoa, na mwenye kuurudisha sijui yuko wapi.