Riale Kwenye Mizani

Mama yangu alikuwa na riale kumi na moja na karatasi moja, akavihifadhi vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Riale zilikuwa zile sarafu kubwa za fedha zenye sura ya mwanamke mnene, ambazo wazee wetu wa ghuba ya Tungi waliziita riale za Shamu. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na chini yake palikuwa na muhuri wa liwali wa Sultani wa Unguja. Ilisema kwamba babu yake mama amenunua shamba la minazi, kutoka njia ya kisimani mpaka pwani, kwa riale sitini, mbele ya mashahidi wanne.

Habari za karatasi ile nilizisikia tangu utotoni. Babu alinunua shamba wakati ghuba yetu inavutwa huku na huku, Sultani akisema ni yake, Wareno wakisema ni yao. Muda si mrefu manowari za Wareno zikaja na bendera nyekundu ya Sultani ikashushwa. Sultani alinyamaza, kwa sababu, mama alisema, rafiki zake Waingereza hawakutaka kugombana na Wareno kwa ajili ya kijiji cha minazi. Kisha likatoka tangazo kwamba kila mwenye shamba aliandikishe forodhani na alipe ada. Babu akaenda na riale zake. Karani wa forodha hakuzihesabu. Alizitia kwenye mizani, akasema hii si pesa, ni madini tu, akataja bei ya uzito wake kwa fedha za Kireno, isiyofika nusu ya thamani yake. Babu akazikusanya, akazifunga kwenye kikoi chake, akaondoka bila kuandikisha. Baadaye alisafiri hadi Unguja kushitaki, na mwandishi wa Sultani akamjibu kwa upole, "Huko si kwetu tena."

"Riale huhesabiwa, haipimwi," mama alimalizia hivyo kila mara, kwa hasira mpya, utadhani karani yule amesimama uani.

Shamba tuliendelea kulikaa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Ikawa hivyo mpaka gesi ilipopatikana baharini.

Kwanza zilikuja helikopta. Kisha vyumba vya kupanga mjini Palma vikajaa wanaume wenye mabuti na fulana za rangi ya machungwa, na bei ya samaki ikapanda hata sisi wenye bahari tukala maharage. Wakati huo nilikuwa nikifundisha darasa la nne. Kireno changu kilikuwa kizuri, kwa hiyo watu wa tume ya kuhamisha vijiji waliniomba niwatafsirie mikutano yao. Nilikubali. Nilidhani kwamba mtu wa nyumbani akikaa karibu na meza, nyumbani kutasikika.

Mkutano wa kijiji chetu ulifanyika kwenye baraza ya shule. Afisa aliyetumwa kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, si kile kisiwa cha jirani na Unguja, alikuwa kijana mpole, aliyefuta kiti kabla ya kumkalisha mzee yeyote. Alieleza kwamba nyumba zitajengwa mahali pengine, kila mti utaandikwa na kulipwa, na kuanzia siku ile asipande mtu wala kujenga. Nilipomaliza kutafsiri, mama alisimama na karatasi yake mkononi.

"Mwambie shamba hili lilinunuliwa," alisema. "Wengine mashamba yao wameyakuta tu, sisi hili tumelinunua. Mwambie asome."

Nilimsomea afisa karatasi yote, mstari kwa mstari, nikiigeuza Kireno. Alisikiliza bila haraka. Kisha akasema, "Mama, huna haja ya karatasi hii. Sheria yetu inamtambua mtu aliyekaa mahali miaka mingi. Lakini kinachotambuliwa ni haki ya kutumia. Ardhi yenyewe ni mali ya serikali, haiuzwi wala hainunuliwi."

"Ilinunuliwa," mama alisema.

"Kwa muhuri wa serikali ambayo haipo tena, mama."

Mmoja wa wageni waliokaa mezani, mtu wa kupima ardhi, aliegemea mbele akauliza kwa Kireno riale sitini ni metikali ngapi kwa pesa za leo. Aliuliza kwa mzaha, na wenzake wakacheka kidogo.

"Amesema nini?" mama aliniuliza.

"Ameuliza riale sitini ni sawa na nini."

"Mwambie ni sawa na shamba."

Nikamwambia. Karani wa mkutano alikuwa akiandika, lakini hilo hakuliandika. Niliona kalamu yake imetulia juu ya daftari, ikingoja mtu mwingine aseme.

Jioni ile mama alinitolea riale sita kwenye kopo. Alikuwa amesikia kwamba Pemba kuna wanasheria wanaosaidia watu wa mashamba. "Uza hizi Mocímboa, upate nauli. Mwambie mwanasheria tulinunua. Hilo tu."

Mocímboa nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka karibu na bandari, mtu mzima, anayejulikana kwa kununua vitu vya kale. Alizigeuza riale moja moja, akapuliza vumbi, kisha akavuta mizani ya dhahabu kutoka chini ya meza.

"Mama yangu anasema huhesabiwa," nilimwambia.

Hakunicheka. "Zamani, mwalimu. Pesa ni kitu ambacho mwenzako amekubali kukipokea. Leo nani anazipokea?"

Aliziweka zote sita kwa pamoja, mizani ikashuka, akaandika bei kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Ningeweza kuzikusanya na kuondoka kama babu. Nilizitazama pale, nikafikiria basi la saa nne, nikasema sawa.

Mwanasheria wa Pemba alikuwa mwanamke wa rika langu, ofisi yake imejaa mafaili mpaka sakafuni. Aliipenda karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza jinsi ya kutamka majina ya mashahidi, akasema ingefaa kuwekwa makumbusho.

"Lakini nikupe matumaini ya uongo ya nini?" alisema. "Haki ya kukaa mnayo tayari, na hiyo ndiyo wanayoihamishia mahali pengine. Hata tukishinda, tutapata kile kile mlicho nacho. Na kwamba mlinunua, dada yangu, nimshitaki nani? Sultani? Mreno? Wote wamekwenda." Alikataa ada. Aliponisindikiza mlangoni alinishauri tutie saini mapema, tupate nyumba iliyo karibu na barabara.

Nilirudi kwa lori la chumvi. Mama alikuwa amekaa kizingitini. Hakuniuliza kwanza habari za mwanasheria.

"Zile riale, alizihesabu?"

"Alihesabu, mama. Moja moja."

Uso wake ulilegea. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akatabasamu, na mimi nikaingia ndani kuvua viatu ili asinione. Habari za mwanasheria nilimpa baada ya chakula. Alizisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji.

Watu wa kuandika miti walikuja mwezi ule. Minazi iligawanywa mafungu, michanga, inayozaa na iliyozeeka, kila mmoja ukapigwa alama ya rangi nyeupe. Mama aliwafuata mti kwa mti. Mwishoni walimletea fomu, mimi nikaishika, yeye akaweka dole gumba. Kwenye fomu, mahali palipouliza shamba lilipatikanaje, palikuwa na majibu mawili ya kuchagua, kurithi au kugawiwa na mkuu wa kijiji. Nikatia alama kwenye kurithi. Mwandiko wangu ulikuwa safi, kama wa ubaoni.

Nyumba tuliyopewa ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ina matofali, bati, bomba uani. Bahari haionekani na harufu yake haifiki. Shamba la badala tuliloahidiwa lilikuwa na wenyewe, watu waliokuwa wakilima muhogo pale kabla yetu, wakatutazama sisi kama tulivyowatazama wageni wa fulana za machungwa. Mama hakutaka kwenda kugombana nao. "Na wao watafukuzwa kwa ajili yetu?" aliuliza.

Siku moja baada ya msimu wa mvua nilitoka shuleni nikakuta nyumba iko wazi na yeye hayupo. Jirani alisema amemwona akishika njia ya pwani kwa miguu, na kapu. Nilimkuta mchana, kwenye uzio wa waya wa watu wa gesi, uliokata njia yetu ya pwani. Mlinzi wa pale alikuwa mtu wa kusini, hajui Kiswahili, na mama hajui Kireno. Alikuwa amemwomba kwa adabu zote apite akachukue chaza, naye mlinzi alikuwa amemjibu kwa adabu zote pia, na kila mmoja alikuwa amerudia maneno yake mara nyingi. Mlinzi alimpa chupa ya maji.

"Senhora," aliniambia alipoona nakuja, "nieleze, mama huyu anataka nini?"

Mama alinitazama, akingoja nitafsiri. Nilisema hataki kitu, amepotea njia tu. Nikamshika mkono, nikabeba kapu lake, tukaanza kurudi kwa sababu jua lilikuwa kali na mwendo ulikuwa mrefu.