Goti Lililoahidiwa Mungu

Goti langu la kulia liliharibika kwenye mechi ya wazee, Uvira dhidi ya Bukavu, katika uwanja wa vumbi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mtu ametoka Uvira, akapita nchi ambazo hazikumwomba abaki, nusu ya njia kwa miguu, halafu anakuja kuumizwa na mpira wa kujifurahisha. Niliruka, nikasikia kitu kikikatika chini ya pia ya goti, nikakaa chini.

Wataalamu hawakukosekana. Kambi yetu ikikosa maji, haikosi wataalamu. Mmoja alisema mguu umeteguka tu, mwingine akasema ni baridi. Mama mmoja wa Fizi akanikanda kwa maji ya moto na chumvi, akavuta, nikapiga kelele, na wote wakakubaliana kwamba kelele ni dalili nzuri. Uvimbe ulipoisha nikatangazwa mzima. Ila mguu ulikataa kunyooka wenyewe. Kila hatua niliuinua kwa kushika suruali, nikautupa mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Miaka ikapita hivyo. Mimi ambaye sikuwahi kungoja mahindi yakomae mahali nilipoyaona yakipandwa, nikawa mwenyeji wa benchi mlangoni kwa yaya, dada yangu mkubwa, fundi wa nguo. Nilizikumbuka barabara kama wengine wanavyokumbuka wachumba.

Hatimaye daktari wa mifupa wa Lilongwe aliligusa lile goti na kunionyesha jinsi pia ilivyopanda juu ya mahali pake. "Pepani, bambo," akanipa pole kwa Kichewa. Kano inayoshikanisha pia na mfupa wa muundi ilikatika zamani, akaeleza, na ncha zake zimesinyaa. Kuzishona peke yake hakutoshi. Angechukua kano nyingine nyuma ya paja langu, aipitishe katika matundu ndani ya mfupa, ishike kazi ya ile iliyokufa. Nilifurahi kusikia kwamba angalau kipande kimoja cha mwili wangu kitapewa makazi mapya. Mimi mwenyewe bado nilikuwa kwenye foleni.

Nikapasuliwa. Mguu ukafungwa ukiwa umenyooka, kwa vyuma na mikanda, na nikapewa onyo moja: nisiukunje mpaka daktari aruhusu. Kano ikikatika tena, huenda nisitembee vizuri maisha yangu yote.

Lakini yaya alikuwa na mapatano yake.

"Niliambia Mungu, goti yako ikipona, utaipiga mbele ya kanisa."

"Haijapona, yaya."

"Operesheni ilifanikiwa ao haikufanikiwa?"

"Ilifanikiwa."

"Basi, njo kupona kwenyewe!"

"Daktari amekataza kukunja."

"Batu balifunga chakula, baliomba juu ya goti yako, haikukuwa juu ya daktari."

Sare za kwaya zilikwisha kushonwa. Kwetu ibada ya shukrani haiahirishwi kwa sababu ndogo kama hali ya anayeshukuru.

Jumapili hiyo kwaya iliimba vizuri mno, kina mama wakapiga vigelegele, nami nikasimama mbele kama nguzo iliyovalishwa shati. "Papa, piga magoti, Mungu akuone!" akasema mchungaji. Nilidhani macho ya Mungu yanaweza kumwona hata mtu aliyesimama. Mashemasi wawili wakanishika mabega, wakaanza kunisukuma chini kwa upendo mkubwa.

"Polepole, papa. Ukuwe na imani."

"Muniache, itakatika!"

"Itakatika mbele ya Mungu?"

Mikanda ilinibana. Nikahisi kitu kikivuta chini ya pia, palepale pa zamani, na jasho likanitoka. Nikatazama mlango wa kanisa, na barabara nje yake.

Yaya akatoka kwenye mstari wa kwaya, akawapiga mashemasi mikono.

"Mumuache! Nani aliahidi? Ni mi. Magoti njo haya."

Akapiga magoti kando yangu, juu ya sementi, yale magoti yaliyokanyagia cherehani tangu nikiwa mtoto. Mchungaji, kwa kuwa amepata magoti ya kweli, akaomba kwa urefu wote aliojaliwa. Aliposema amina, yaya hakuweza kuinuka.

"Uniinue basi, we mutembezi."

Nikampa mkono, nikavuta. Mguu wangu ulishika sakafu, umenyooka kama daktari alivyotaka.