Swali la Nne la Mama Pétronille

Mama Pétronille hakai. Hilo ndilo la kwanza watu wa Lushebere watakuambia juu yake, hata hujauliza. Anachambua maharage akitembea. Kanisani anasimama mlangoni, akibadili mguu huu na ule mpaka padri amalize. Ua wake na wangu umetenganishwa na matete tu, na nyayo zake nazisikia tangu alfajiri: kwenda, kurudi, kwenda. Zinanichosha. Kuna siku natamani kumfunga kwenye kiti.

Huku kwetu, siku ya mahari, msichana huulizwa mara tatu mbele ya koo mbili. Mbuzi wamefungwa nje, pombe ya ndizi iko kwenye madumu, na msemaji wa ukoo anauliza: "Mutoto, hivi vitu tupokee?" Msichana akijibu "Mupokee" mara tatu, mambo yamekwisha, watu wanakunywa. Pétronille aliulizwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita, daftari lake la jiografia bado liko kwa rafiki aliyeliazima. Alijibu vizuri mara zote tatu. Wiki ileile akahamia kwa mume, na daftari hakulifuata tena.

"Ya kwanza nilijibia baba," aliniambia siku moja, akizunguka jiko langu. "Ya pili nilijibia mbuzi, sababu zilikuwa zinalia. Ya tatu nilijibia wageni, walikuwa na kiu. Kama wangeniuliza ya ine, pengine ningejijibia mi mwenyewe."

Basi akaanza kuuliza yeye. Kila mahari ya msichana ambaye bado yuko shuleni, baada ya jibu la tatu na kabla kikombe cha kwanza hakijamiminwa, Pétronille alisimama nyuma kabisa na kusema maneno mawili: "Na shule?" Hahubiri. Anangoja jibu tu.

Unaweza kukisia alivyopendwa! Akina mama walimvuta kitenge akae. Watu wakaanza kumficha tarehe. Mahari ya Chantal alidanganywa kwamba ni Jumapili, ikafanywa Ijumaa. Akafika mbio kutoka shambani na buti za tope, akauliza akihema. Chantal akasema atangoja diploma ya sekondari, na leo anafundisha darasa la pili. Lakini msichana mwingine alijibu hivyohivyo, kijana akaenda zake Walikale na kuoa huko, na mama wa yule msichana hamsalimu Pétronille mpaka leo. Kwa hiyo usitake niseme kwamba alikuwa na haki kila mara.

Mimi pia aliniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimebakiza mwaka mmoja wa shule. Vita ilikuwa inapanda na kushuka vilima vyetu, na mama alisema msichana aliye kwa bwana yake analala salama kuliko aliye kwenye kambi ya wakimbizi. Nilipomwona Pétronille amesimama, hasira zilinipanda. Siku yangu, mbuzi wangu, nywele zimesukwa siku mbili, na yeye na shule yake! Nikapiga kelele: "Mupokee! Mupokee!" Watu wakashangilia. Benoît, mume wangu, alicheka hadi machozi yakamtoka.

Benoît si mtu mbaya. Hanipigi, hanywi kupita kiasi, na mihogo anang'oa mwenyewe. Angekuwa mbaya ningepata wa kumlaumu. Lakini kila mwaka, wanafunzi wa darasa la mwisho wanapopita hapa na mashati meupe kwenda kwenye mtihani wa taifa, naingia ndani nikijidai natafuta chumvi.

Mwaka huu zamu ikamfikia Estelle, binti wa Pétronille mwenyewe. Yuko darasa la mwisho. Mchumba wake, Prince, alikuwa amepata duka Kashebere na alitaka kuhamia huko na mke kabla ya Pasaka, na mtihani ni baada ya Pasaka. Aliyefurahi kuliko wote ni Papa Byamungu, baba mkubwa wa Estelle na msemaji wa ukoo, kwa sababu kwa desturi mama wa msichana hasemi neno siku hiyo. Anakaa jikoni mpaka kila kitu kipokewe.

"Safari hii tutakunywa mapema," aliwaambia watu njiani.

Nilimwuliza Pétronille kwa nini asimwulize mtoto nyumbani.

"Nilisha kumuuliza, Mama Sidonie. Anasema: mama, mi siko mufano yako. Anasema nisimuchoshe."

Wiki ile alilima upya shamba ambalo lilikuwa limekwisha kulimwa. Nilimwona kupitia matete na nikamwonea huruma, mimi niliyemchukia miaka saba.

Jumamosi, siku ya mahari, nilikaa kati ya wanawake, mtoto mgongoni. Nyuma ya ukuta wa mbao wa jikoni nyayo zilikuwa zikienda na kurudi. Kifuniko cha sufuria kikaanguka, watu wakachekeana.

"Mutoto, hivi vitu tupokee?"

"Mupokee," akasema Estelle. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alitazama ule ukuta wa mbao kwanza, na sauti ikashuka. "Mupokee."

Nyayo zikasimama. Papa Byamungu akashika dumu. Nyuma kabisa, pale alipozoea kusimama Pétronille, hapakuwa na mtu. Sikuwa nimepanga chochote, nakuapia. Nilijikuta nimesimama.

"Na shule?"

"Weye, Sidonie?" Papa Byamungu aliweka dumu chini. "Weye njo ulijibu mbio kuliko wote!"

"Njo maana niko nauliza, Papa."

Estelle alinitazama mimi, kisha mtoto aliye mgongoni mwangu. Akamgeukia Prince.

"Ungoje nimalize," akamwambia. "Nakutaka, lakini ungoje."

Prince alimtazama baba yake, akatazama viatu vyake, akasema atangoja. Kama atangoja kweli, sijui. Mbuzi wakafunguliwa warudi kwao, na wazee wakaondoka bila kuaga. Jikoni mtu alikuwa akilia kwa sauti, nami sikwenda kutazama.

Tulirudi nyumbani, Benoît mbele na mimi nyuma. Tukafika kwenye matete yetu. Hapo akasimama bila kugeuka.

"Na weye, Sidonie?" akaniuliza polepole. "Na shule?"

Nilimwambia mtoto ana njaa, nikampita mbio, nikaingia ndani kutafuta chumvi.