Seva Iliyochaguliwa kwa Mistari

Mjukuu wangu wa kike nilimlea mwenyewe hapa Didia, mama yake alipofariki. Akasomea kompyuta, akarudi. Wenzake wakisoma hawarudi, wanaishia Geita kwenye dhahabu. Yeye alirudi kwa sababu chama chetu cha wakulima wa choroko kilimwambia: tutengenezee mfumo wa kupokea mizigo kutoka vituo vya mizani, ukimaliza msimu bila kukwama, ajira ni yako. Nikasema, basi nitazeeka nikiwa na mtu.

Mfumo akauandika kwa hiyo lugha ya kompyuta wanayoiita Java. Nikamuuliza kimebaki nini.

"Kuchagua seva, bibi."

"Si ile kompyuta ya ghalani?"

"Ile ni mashine tu. Nasema programu inayokaa ndani yake, ipokee maombi ya kila kituo na kuyajibu. Kuna nyepesi, yenyewe kazi yake ni hiyo tu. Kuna nzito, imebeba na mambo mengine ambayo sisi hatuyahitaji, na mashine yetu ina kumbukumbu ndogo."

"Chukua nyepesi basi, mke mwenzangu, tukapike."

Akacheka, lakini hakuchukua hivi hivi. Aliziweka zote mbili kwenye mashine ile ile, akafanya kama vituo vyote vinatuma taarifa za mizigo kwa pamoja. Nyepesi ilijibu papo hapo. Nzito ilijikokota, kisha ikagoma kabisa.

Akayaeleza hayo mkutanoni, kwa adabu, amepiga goti kwanza kuwaamkia wazee. Mwenyekiti akamsikiliza huku anachokonoa meno.

"Mwanangu yuko ofisi ya mgodi kule Geita," akasema. "Wanatumia hiyo kubwa. Mgodi mzima! Wewe unatuletea ndama?"

"Baba, mgodi una mashine kubwa. Yetu itaelemewa."

"Ng'ombe mwembamba anakimbia sana, binti. Mfunge jembe umwone."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema tupange mistari. Hapa kwetu hata kiongozi tunamchagua hivyo: unasimama nyuma ya unayemtaka, kila mtu anakuona. Sasa yule mzee ameoza mabinti na kuoza wana, nusu ya chama ni wakwe zake. Mke gani wa Kisukuma atasimama mbele za watu kumpinga baba mkwe? Niliwaona, wanawake waliokuwa wamemwelewa mjukuu wangu vizuri kabisa, wakajifunga kanga vizuri, wakainamisha macho, wakaenda upande wa pili. Nyuma ya mjukuu nilisimama mimi na mjane mmoja.

"Mayu, mama yangu, kaa chini, utachoka," mwenyekiti akanitania.

"Nimechoka tangu ulipoanza kusema," nikamjibu. Haikubadilisha kitu.

Mjukuu akaweka ile nzito kama alivyoagizwa. Siku ya kufungua soko, mikokoteni ilikuja hata kutoka Samuye. Vituo vyote vikatuma kwa pamoja asubuhi, na mfumo ukaganda. Mizani haikuruhusiwa kupokea gunia bila jibu la mfumo. Tukasubiri. Wingu likapanda.

"Baba, niruhusu niirudishe ile nyepesi," mjukuu akasema. "Bado imo humu humu, haichukui muda."

"Umeshatuharibia, sasa unataka kutuchezea?"

Mvua ikanyesha juu ya magunia. Choroko ikilowa mnunuzi haitaki, na kweli aliiangalia, akapanda gari lake. Watu wakamgeukia mtoto wangu. Wengine walikuwa wale wale waliojua. Hakuna aliyesema, tulichagua sisi. Akafukuzwa pale pale, amelowa, flashi yake mkononi.

Sasa yuko Ushirombo, anachapa barua za watu dukani. Aliomba kazi kwenye chama kingine, wakauliza huku, wakaambiwa ndiye aliyelowesha choroko.

Baadaye yule mwana wa mwenyekiti alikuja kimya kimya kutoka mgodini, akaifungua mashine, akaiwasha nyepesi. Siku hizi wanasema kijana wa mwenyekiti ametuokoa.

Msimu huu nilipeleka gunia langu. Kabla sijashusha pumzi ujumbe ukaingia kwenye simu, umepokelewa. Karani akatabasamu, "Umeona, bibi, mfumo wetu unavyokimbia?"

Nikamwambia apige simu Ushirombo, ampongeze mwenye mfumo. Akajifanya anapanga magunia.